Kukodi eskaveta ndogo kutengeneza bustani (Bamburi): waliowahi kufanya, njooni hapa

BintiMkwajuni

Salaam nyote. Nyumba yetu iko Bamburi, upande wa juu wa barabara ya Malindi, si wa baharini. Nyuma kuna uwanja wa mita 20 kwa 15 ambao tangu tuhamie ni wa kuanikia nguo na kurundika mabaki ya mjengo. Umeinama. Kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa jirani wa chini, ardhi yashuka karibu mita nzima, na masika yakipiga maji yote yakimbilia huko chini yakatuama ukutani.

Nataka bustani ya haja: ukoka watoto wachezee, baraza la mawe chini ya mwembe (upo mmoja, mkubwa, siukati), vitanda vya mchicha na mnavu vya mama mkwe, na asumini karibu na dirisha.

Mume wangu asema tukodi eskaveta ndogo, zile zinazopita getini, na ataiendesha mwenyewe maana ametazama video nyingi. Mimi moyo wasita. Geti la nyuma lina upana wa mita 1.20. Je, yapita? Yaweza kulivunja jiwe la huku kwetu? Na mtu asiyewahi kukalia mtambo aweza kweli?

Sululu_na_Pauro

Mtambo wa nini dada, uwanja wa mita 20 kwa 15? Tafuta vijana wanne wa hapo hapo Mwembeni, wape sululu, mtaimbo na wilibaro. Pesa inabaki mtaani, ukuta wako unabaki salama, na hakuna dizeli inayomwagika kwenye shamba la mchicha la mama mkwe. Hizi mashine ni fasheni tu.

MzeeMtambo

Dada, mimi nimekalia mitambo bandarini na kwenye barabara umri wangu mwingi, sasa nimestaafu, kwa hivyo nivumilie nikiandika refu.

Geti kwanza. Zile za tani moja na nusu mpaka tani moja na robo tatu nyingi zina upana wa karibu mita moja. Kuna ambazo cheni zake, ile mikanda inayotembelea badala ya magurudumu, huvutwa ndani zikapungua zaidi ili zipite mlangoni, kisha hutanuliwa zikifika kazini. Ikiwa ni ya aina hiyo, hakikisha imetanuliwa kabla ya ndoo kugusa ardhi. Ikichimba ikiwa imebanwa, ndoo ikijaa na kugeuzwa ubavuni, hupinduka. Mita 1.20 yatosha. Lakini watu hupima upana wakasahau kimo: mashine yenye paa juu ya kiti hufika mita 2.3 hadi 2.4. Kama juu ya geti lako kuna boriti ya zege au waya, pima hapo pia.

Kina usijali, hizo ndogo huchimba mita mbili na zaidi, na bustani haitaki hata nusu ya hapo. Ndoo ndiyo ya kuuliza. Waulize wanakuja na ndoo ngapi. Nyembamba ya sentimita 30 ni ya mitaro ya paipu. Ya 45 au 60 yenye meno ni ya kuchimbia. Na kuna ile pana isiyo na meno, ya mita moja hivi, ya kusawazishia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotengeneza bustani, na ndiyo wenye mashine husahau gereji. Ukiambiwa "ya meno yatosha mama", jua jioni utabaki na uwanja wenye mifereji, na vibarua utawalipa vile vile waje na reki.

Kuendesha. Kishikio cha kushoto huzungusha mashine na kupeleka mkono wa mbele, ule ulioshika ndoo, nje na ndani. Cha kulia huinua na kushusha mkono mkubwa, ule uliofungwa kwenye mashine yenyewe, na kukunja ndoo. Huo ndio mpango ulioenea. Upo mwingine ambao mkono mkubwa na mkono wa mbele vimebadilishana vishikio, na waliozoea JCB za zamani huupenda huo. Mashine nyingi zina valvu ya kubadilisha mpango. Mtu akikaa bila kuuliza, ataka kushusha mkono mkubwa, mkono wa mbele watoka nje na kugonga dirisha la jikoni. Mumeo aweza kujifunza kuchimba shimo kwa asubuhi moja, sikatai. Kukata mteremko ukalala sawa ni kazi nyingine kabisa, mikono yote miwili yatembea pamoja bila kuwaza. Hapa Mombasa wenye mashine wengi hawakupi bila opereta wao, nami nasema heri. Muulize huyo opereta leseni yake. Ya mitambo kwa Kenya ni daraja G.

Bei siwezi kukutajia, kila mmoja na yake. Lakini jua unachouliza. Ni ya saa au ya siku? Siku ni saa ngapi za mita ya mashine? Mara nyingi ni nane, na mita yahesabu injini ikinguruma, hata kama ndoo imelala na vibarua wanakunywa chai. Dizeli ya nani? Kuleta na kurudisha kwa lori kumo ndani ama ni kando? Huko ndiko watu hugombana. Mashine ikitoka Changamwe kuja kwako, lori ni la kuvuka Daraja la Nyali na foleni zake, na mwenye lori hachekeshwi.

MzeeMtambo

@Sululu_na_Pauro yakhe, vijana wanne wema sana, na utawahitaji hata mashine ikiwepo. Lakini hujauliza udongo ni kiasi gani. Kwanza tujue hesabu ndipo tuseme fasheni.

Levo_na_Uzi

Hesabu hii hapa, maana ndiyo kazi yangu.

Ukitaka uwanja wote uwe levo moja, unakata nusu ya juu na kujaza nusu ya chini. Mteremko mita 1 kwa urefu wa mita 15, upana mita 20. Juu kabisa, kwenye nyumba yako, utakata nusu mita. Udongo utakaohamishwa ni mita za ujazo 37 na nusu.

Sasa ukifanya ngazi mbili, kila moja mita 7.5, na hatua ya nusu mita katikati, kila ngazi wakata robo mita tu na kujaza robo mita. Jumla haifiki mita za ujazo 19. Nusu ya kazi! Na mashine ina saa chache zaidi kwenye bili.

Kuna sababu nyingine kubwa kuliko pesa. Ukifanya levo moja, chini kule utakuwa umeegemeza nusu mita ya udongo kwenye ukuta wa jirani. Ule ukuta ulijengwa wa kuzuia macho na wezi. Ni mawe ya kukatwa yamesimama kwenye msingi mwembamba, hauna nguzo wala nondo za kuzuia udongo. Udongo mkavu utauvumilia. Masika ya Aprili na Mei, udongo ukinywa maji, ukuta utalala upande wa jirani, na kesi itakuwa yako. Hata hiyo robo mita usiiegemeze kwenye ukuta wake. Acha nafasi, jenga ukingo wako mwenyewe wa mawe, na katikati pitisha mtaro wa kokoto.

Pia usisahau kwamba udongo ukichimbwa hufura. Mita moja ya ujazo iliyolala ardhini yatoka kama mita moja na robo, na jiwe lililovunjwa hufura zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukiita tipa ya kubeba mabaki, hesabu kwa kipimo cha kilichofura, si cha shimo.

Sululu_na_Pauro

Mita 19 vijana wangu wanamaliza, nasisitiza. Lakini hapo kwa ukuta wa jirani nimenyamaza.

FundiMabomba

Nyote mnaongea juu ya ardhi. Mimi nataka kujua kilicho chini.

Dada, huko Bamburi sehemu nyingi hazina laini ya maji taka ya mji. Kila nyumba ina tangi lake la choo na shimo la kunyonya, na mara nyingi viko nyuma ya nyumba, yaani hapo hapo unapotaka bustani. Nyumba ikiwa na umri, huenda kuna shimo la zamani lililofungwa kwa slabu nyembamba, likafukiwa, mwenye nyumba wa kwanza akauza akaenda zake. Nimeitwa Kisauni kurekebisha paipu baada ya mashine kama hizi kukanyaga slabu ya namna hiyo. Cheni moja ilizama mpaka kwenye kiti. Opereta alitoka mzima, alhamdulillahi, lakini kuitoa ile mashine ilibidi kuletwa kubwa yake, na harufu mtaa mzima ulijua.

Watu hudanganywa na cheni. Ni kweli mashine ya tani moja na nusu ikisimama imegawanya uzito wake, haikandamizi kuliko mtu aliyesimama. Lakini ikichimba huegemea. Uzito wote huhamia ncha ya cheni moja, na papo hapo ndipo slabu huvunjika.

Fanya hivi. Chukua nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja na nusu, ichonge ncha. Piga uwanja wote kwa nyundo, kila baada ya hatua mbili. Ikigonga na kurudisha sauti kali, umefika kwenye jiwe. Andika ni sentimita ngapi. Ikiingia taratibu ni udongo. Ikizama ghafla bila kipingamizi, simama hapo, weka alama, wala usiruhusu mtambo upite karibu. Karibu na waya wa stima usipige nondo kabisa: kama kuna waya wa kwenda nyumba ya nyuma au pampu ya kisima, mwite fundi wa umeme auonyeshe, auzime, ndipo mchimbe kwa mkono hapo. Paipu ya maji na waya wa intaneti vivyo hivyo. Chokaa ni rahisi, mwaga mstari mweupe juu ya kila kitu unachokijua.

MgeniPwani

Nimeishi Mtwapa miaka kadhaa na bado nashangaa ardhi ya huku. Kwetu bara ukitaka shimo unachimba tu. Huku unapiga jembe mara mbili, la tatu linarudi na cheche. Swali: hizo ndogo zinaweza kweli kuvunja hilo jiwe?

MzeeMtambo

Ndoo peke yake, hapana. Mombasa kisiwani, Nyali, Bamburi, Shanzu, tumekaa juu ya matumbawe ya kale, mwamba uliokuwa chini ya bahari zamani za kale. Mahali pengine ni laini, lajikata kwa meno ya ndoo. Mahali pengine ni gumu juu, laini chini. Na pengine lina mapango matupu ndani yake, ndiyo maana mwenzangu hapo juu anakupigisha nondo. Mashine ya tani moja na nusu ikikutana na gumu, meno yateleza, mashine yajiinua yenyewe mbele, na opereta mwenye hasira huanza kuligonga jiwe kwa ndoo. Huyo mzuie, anavunja pini za watu.

Dawa ni breka, ile nyundo inayofungwa mahali pa ndoo. Iwe ya saizi ya mashine hiyo, si ya kuazima kwenye kubwa. Breka kodi yake ni kando na kelele zake ni kando. Kwa hivyo nondo ikikuonyesha jiwe liko sentimita 20 upande wa nyumba, badili ramani yako badala ya kuvunja. Pandisha ngazi ya juu, punguza kukata. Jiwe ukiliacha lilipo ni msingi wa bure wa baraza.

Uliyeko Miritini, Jomvu au Changamwe, haya hayakuhusu sana. Huko chini ni mwamba wa tabaka na udongo wa mfinyanzi. Kiangazi huchimbika vizuri. Ukilowa hushika kwenye ndoo hautoki, na cheni huteleza. Huko subiri kaskazi.

BintiMkwajuni

Ahsanteni sana. Mzee, Allah akujaalie. Nimesoma yote na mume wangu nimemsomea kwa sauti, pale pa dirisha la jikoni hasa.

Nondo tumepiga. Upande wa nyumba jiwe liko karibu, sentimita 25 hadi 30 hivi. Katikati nondo yaingia mpaka nusu mita. Chini kwa jirani hatukufika jiweni, ni mchanga na udongo na, kusema kweli, vigae vilivyovunjika na mifuko ya saruji. Shimo letu la choo tulilijua. Lakini kona ya mashariki nondo ilizama hivi hivi, mkono wangu ukafuata. Tumezungusha chokaa na viti vya plastiki.

Tumekubaliana ngazi mbili. Sasa mwembe. Uko katikati kabisa ya ile hatua. Nifanyeje?

Jongoo

Nilikuwa nasubiri mtu auulize mti. Mitambo mmeizungumza vya kutosha.

Mizizi inayolisha mwembe haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Mingi iko katika sentimita 60 za juu, na yaenea mpaka mwisho wa kivuli cha matawi na kupita. Ukikata robo mita chini ya mwembe umekata chakula chake. Ukijaza robo mita juu yake umeuziba pumzi. Yote mawili mti hauonyeshi mwaka huo; waonyesha mwaka wa pili, matawi ya juu yakikauka, na wewe ushasahau mashine ilipita. Kwa hiyo ile hatua isipite kwenye mwembe. Ipindishe. Acha duara la ardhi ya asili chini ya kivuli chake, kwenye kimo chake kile kile, na jenga ukingo wa mawe kuuzunguka. Hapo hapo ndipo baraza lako. Cheni za mashine zisiingie ndani ya duara hilo, wala lori lisimwage mchanga hapo "kwa muda tu". Hilo "kwa muda" ndilo huua miti ya Mombasa.

Mnazi una huruma zaidi, mizizi yake ni kama kamba na huchipua mingine, lakini nao upe mita moja na nusu. Mkilifi (mwarobaini) ndio wa kuogopa: mizizi yake ikishanusa paipu ya FundiMabomba, haikubali kutoka.

Jambo la pili, udongo wa juu. Sentimita 15 za juu ndizo zenye uhai. Mwambie opereta azikwangue kwanza kwa ile ndoo pana, azirundike pembeni, juu ya turubai, na asizichanganye na ule mweupe wa chini. Akimaliza kukata na kujaza, ndipo zirudi juu. Wengi hufanya kinyume: uzuri wote unazikwa nusu mita chini, na juu unabaki unga wa matumbawe. Kisha watu hulaumu mbegu.

Unga huo una chokaa nyingi. Mchicha utavumilia ukiupa samadi. Iksora na baadhi ya maua mengine yatageuka manjano, mishipa ya jani ikibaki kijani. Hiyo si kiu, ni chuma ambacho mti hauwezi kukipata kwenye chokaa. Usizidishe maji. Udongo mwekundu unaoletwa na malori kutoka vilima vya ndani wafaa sana kwa juu, ukiuchanganya na samadi iliyokwisha kuoza. Lakini angalia lori linapomwaga: ukiona mizizi ya ndago ndani yake, rudisha. Ndago ikiingia, bustani si yako tena.

Na kabla mtu hajasema huku hakuoti kitu, aende Haller Park hapo hapo Bamburi. Lile lilikuwa chimbo la kiwanda cha saruji, matumbawe matupu yamechimbwa mpaka karibu na maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ndio ulioshika. Majani yake yalianguka yakakataa kuoza, mpaka majongoo yalipoletwa yakayala na kutengeneza udongo. Sasa ni msitu wenye twiga. Jina langu humu latoka huko.

MgeniPwani

Kumbe jongoo ni sifa! Mimi nilikuwa nikiwaua.

Levo_na_Uzi

Kuhusu kupima levo, dada, usikubali opereta afanye kwa macho. Paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, ijazwe maji bila mapovu, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule. Weka vigingi na ufunge uzi. Na levo isiwe levo kabisa: ukoka upe mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, ukitoka kwenye nyumba. Maji ya mvua yaelekee kwenye mtaro wa kokoto, si kwenye msingi.

Ule ukingo wa hatua ya katikati, nusu mita, mawe ya matumbawe yenyewe yatatosha. Ulalie nyuma kidogo, nyuma yake weka kokoto, na kama utatumia saruji acha matundu ya kutolea maji kila mita moja na nusu. Mawe bapa ya Mazeras weka juu, ndipo pa kukalia.

Dereva_wa_Tipa

Niseme jambo moja: mabaki ya mjengo msiyachanganye na udongo. Udongo safi nikiuchukua napata mwenye plot anayejaza, hata bei nakupunguzia. Wenye vigae na mifuko hautakiwi na mtu, na kuutupa kando ya barabara ama kwenye mikoko ni kutafuta kesi. Tenganisheni mapema.

FundiMabomba

Na mtaro wowote wa paipu, uchimbwe mashine ikiwa bado ipo. Watu hurudisha mashine, wakapanda ukoka, kisha wananiita nipitishe paipu ya kumwagilia. Naja na sululu napasua ukoka mpya, mama mkwe ananitazama.

MzeeMtambo

Siku mashine ikifika, dada, kabla haijashuka kwenye lori: piga picha pande zote, na picha ya mita ya saa. Angalia chini ya injini na kwenye mipira ya haidroliki kama pavuja mafuta. Muulize opereta kama amepaka grisi asubuhi; pini za hizo mashine ndogo hutaka grisi kila siku, na hewa yetu ya chumvi haisamehe.

Wakati wa kazi, lile bamba la mbele lishushwe liguse ardhi, ndilo linaloituliza. Kwenye mteremko ipande na kushuka wima, isikate ubavu, na ndoo iwe chini karibu na ardhi. Isikae ukingoni mwa shimo ililochimba. Huko kwa jirani kwenye mchanga, ukingo huporomoka bila kuaga.

Watoto wasiwe nje kabisa, hata wa kutazama. Mashine ikizunguka, opereta upande wake wa kulia haoni kitu, mkono mkubwa wamziba. Wilibaro zikae mahali pamoja, vijana wangoje mpaka ndoo itue ndipo wasogee, na awepo mtu mmoja tu wa kumpa opereta ishara. Wakiwa wawili wanampungia, huyu kushoto huyu kulia, akili yamruka.

BintiMkwajuni

Wapenzi, kazi imekwisha. Nitaeleza kwa wale watakaokuja kusoma baadaye.

Tulichukua ya tani moja na nusu pamoja na opereta, kijana mtulivu wa Kisauni. Nilimpigia simu mwenye mashine kuhusu ndoo pana, akasema haihitajiki. Nikamwambia basi nami sihitaji mashine. Ilikuja. Getini ilipita na kubakisha nafasi ya kiganja kila upande.

Opereta alianza kwa kukwangua udongo wa juu akaurundika kwenye turubai, sawa na alivyosema Jongoo. Ile kona ya chokaa hakuikaribia. Vijana (wale wa Sululu_na_Pauro, ndiyo, niliwatafuta) walichimba kwa mkono wakakuta slabu ya shimo la zamani, nondo zimeliwa na kutu zimebaki uzi. Walivunja slabu, wakajaza mawe na vifusi, na sasa papo imara. Mume wangu alikuwa ameapa hapana kitu hapo.

Upande wa nyumba tulifika jiweni kama nondo ilivyosema. Ndoo ilipolikwaruza ulitoka mlio wa kutia meno ganzi na vumbi jeupe, opereta akainua mkono akaniuliza: breka au tuinue? Tukainua. Ngazi ya juu iko sentimita kumi zaidi ya mpango, na hakuna anayejua ila mimi na nyinyi.

Jambo moja la kuongeza ambalo halikutajwa: mashine ikishaondoka, ardhi iliyokanyagwa na cheni ni ngumu mno. Maji ya ndoo nilimwaga yakakaa juu. Vijana walipita na uma wa bustani wakaitikisa yote, kisha ndipo tukarudisha udongo wa juu, samadi, na udongo mwekundu. Ukoka umepandwa kwa vipande, na vuli ikija tutaona mtaro wa kokoto kama wafanya kazi.

Mume aliruhusiwa kuchimba shimo la mpapai, pale pembeni, opereta amesimama karibu. Ni shimo kubwa kuliko mpapai wenyewe, lakini amefurahi.

Nimebaki na rundo la mawe ya matumbawe, mengine makubwa ya kujengea ukingo. Anayetaka?

MgeniPwani

Mimi nayataka! Mtwapa si mbali. Yanaingia kwenye pikapu?

BintiMkwajuni

Yaingia, lakini njoo na vijana wa kupakia, na uje kabla ya Ijumaa. Yale bapa yaliyo kando ya geti usiguse, ni ya baraza.